Gegedu Linalogeuka Mfupa: Jinsi Tishu Inayokwanguliwa Mgongoni Inavyoweza Kuja Kuunga Pingili

Mtu akirudi nyumbani kutoka kliniki ya mifupa na bahasha kubwa ya picha za eksirei mkononi, maneno atakayowaeleza ndugu zake huwa ni yale yale: gegedu limekwisha, pingili zimesagika, diski imetoka. Kwa maneno hayo watu wengi wamejijengea picha moja, kwamba gegedu ni mto laini unaoliwa na umri, na kwamba likishakwisha mifupa hubaki ikigongana. Ndiyo maana habari za utafiti zinazosema kuwa gegedu linaweza siku moja kutumika badala ya kipande cha mfupa katika upasuaji wa kuunganisha pingili za mgongo zimewachanganya wasomaji. Wapo walioelewa kwamba mgongo uliosagika utarudishiwa gegedu lake, wapo walioelewa kwamba upasuaji hautahitajika tena, na wapo wauzaji wa vidonge vya viungo walioona hapo nafasi ya kutangaza bidhaa zao. Wote hao wameelewa kinyume, kwa maana gegedu linalozungumzwa katika tafiti hizo linatakiwa lisiendelee kuwa gegedu. Linatakiwa ligeuke mfupa.

Mkanganyiko huo hauwezi kulaumiwa kwa wasomaji peke yao. Hata ndani ya chumba cha upasuaji jambo hili linaonekana kama kujipinga. Daktari anapounganisha pingili mbili kwa kupitia mahali pa diski, moja ya kazi zake za mwanzo ni kukwangua kwa uangalifu gegedu lote linalofunika nyuso za pingili hizo mpaka aufikie mfupa unaotoa damu, kwa sababu anajua kuwa gegedu likiachwa pale pingili hazitaungana. Iweje basi tishu inayokwanguliwa kwa kuwa inazuia muungano ipendekezwe kuwa dawa ya kuleta muungano? Jibu limo katika neno lenyewe: tunasema gegedu kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mwili una magegedu ya tabia mbili zinazopingana. Kabla ya kufika hapo inafaa tukubaliane juu ya maneno machache.

Kuunga, kupandikiza na mirunda

Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za eneo la nyonga liitwalo sakramu, na nyingine ndogo, kwa kawaida 4, za kifandugu. Pingili nyingi za sehemu ya juu zimetenganishwa na diski, na kila diski imebanwa juu na chini na bamba jembamba la gegedu. Gegedu ni tishu imara lakini yenye kunyumbulika, isiyo na mishipa ya damu wala neva ndani yake. Ukiukunja ukingo wa sikio lako umelishika, na kila mla kuku amekwisha kulitafuna, kwa kuwa ile ncha nyeupe ya kidari ni gegedu tupu.

Upasuaji wa kuunganisha pingili ni ule unaozifanya pingili mbili au zaidi ziote pamoja mpaka ziwe mfupa mmoja usio na mchezo katikati. Hufanywa pale ambapo mgongo umepoteza uimara wake, kwa mfano pingili inapovunjika kwa ajali, inapoteleza mbele ya mwenzake na kubana neva, mgongo unapopinda kupita kiasi, au pingili zinapoliwa na kifua kikuu mpaka mtu anaota kibiongo. Si tiba ya kila maumivu ya mgongo. Maumivu mengi ya kiuno hayana kasoro ya mifupa inayoweza kuoneshwa kwa kidole kwenye picha, na kwa maumivu ya aina hiyo ushahidi wa manufaa ya kuunganisha pingili ni dhaifu.

Dhana potofu iliyoenea zaidi kuhusu upasuaji huu, na ambayo ikiachwa hakuna litakaloeleweka baadaye, ni kwamba skrubu na fito za titani ndizo zinazounganisha pingili. Aliyewahi kuona nyumba ya ghorofa ikijengwa anaijua mirunda, yale magogo membamba yanayosimamishwa chini ya zege bichi. Mirunda haiwi ghorofa; kazi yake ni kushikilia zege lisitikisike mpaka likauke, na zege likishakauka, hata mirunda ikiondolewa, ghorofa halianguki. Skrubu za mgongoni ni mirunda. Zege ni mfupa mpya unaopaswa kuota kati ya pingili, na mfupa huo usipoota, chuma kitaendelea kubeba mzigo wa mwili kwa kila hatua na kila kuinama, mpaka kichoke, kilegee au kikatike. Hali hiyo ya pingili kukataa kuungana ndiyo inayowarudisha baadhi ya wagonjwa mezani kwa mara ya pili, na uwezekano wake hutofautiana sana kwa kutegemea idadi ya pingili zinazoungwa, umri, ubora wa mifupa, kisukari na, kwa uzito wa pekee, uvutaji wa sigara.

Ili mfupa uote mahali ambapo haukuwapo, lazima kuwekwe kitu cha kuuanzisha, na kitu hicho ndicho kiitwacho pandikizo. Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Mnamo 1911, mjini New York, madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kwa njia yake, Russell Hibbs na Fred Albee, walichapisha taarifa za kuunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Hibbs aliichongoa mifupa ya nyuma ya pingili zenyewe na kuilaza ipandane, naye Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa na kukipachika mgongoni. Albee alikuwa mtoto wa shamba, na sidhani kama ni bahati tu kwamba aliyezoea kuona miti ikiungwa ndiye aliyefikiri hivyo; mkulima wa Muheza anayeunga kikonyo cha embe la kisasa kwenye shina la embe la kienyeji angemwelewa bila mkalimani.

Kwa nini kutafuta kingine, ikiwa mfupa upo?

Pandikizo linalohesabiwa bora mpaka leo ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Hutolewa kwenye ukingo wa juu wa nyonga, pale mtu anaposhika anaposimama mikono kiunoni, au hukusanywa kutokana na vipande vinavyochongolewa mgongoni wakati wa upasuaji ule ule. Ubora wake unatokana na mambo matatu yanayokutana humo: seli hai zinazoweza kujenga mfupa, kemikali zinazoziamuru seli nyingine zije zijenge, na umbo lenye vitundu ambamo mishipa ya damu na seli ngeni hutambaa. Mkulima angesema mbegu, mvua na udongo vimekuja katika gunia moja.

Kasoro yake ni kwamba gunia ni dogo. Nyonga haina mfupa wa kutosha kwa mtu anayeungwa pingili nyingi, hasa mtoto au mzee, na jeraha la pili huongeza muda mezani, damu inayopotea na hatari ya uambukizo. Wako wagonjwa ambao mgongo ulipona vizuri lakini nyonga ikabaki kuuma kwa miezi au miaka.

Njia ya pili ni mfupa uliotolewa kwa marehemu na kuhifadhiwa katika benki za mifupa. Huu huokoa nyonga, lakini kwa kawaida ukishasafishwa huwa umebaki udongo bila mbegu. Kampuni kadhaa zimejaribu kuuza mfupa wa marehemu uliobakizwa seli zake zikiwa hai, na hapo Marekani ilipata funzo chungu mwaka 2021: shehena moja ya bidhaa ya namna hiyo, iliyotokana na mtoaji mmoja, ilikuwa na vimelea vya kifua kikuu, na iliwekwa kwa wagonjwa 113, wengi wao katika upasuaji wa mgongo. Upasuaji uliozaliwa 1911 kupambana na kifua kikuu cha mgongo ulijikuta ukikiingiza mgongoni.

Njia ya tatu ni kutumia amri peke yake. Mwaka 1965, mjini Los Angeles, daktari Marshall Urist alionesha kwamba mfupa uliotolewa madini yake kwa asidi, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huufanya msuli uote mfupa mpya pale ambapo mwili haukukusudia kuwa na mfupa kabisa. Kilichotoa amri hiyo kilikuja kutambuliwa kuwa ni kundi la protini, na mojawapo, ijulikanayo kama BMP-2, iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kutumika katika kuunganisha pingili za kiuno. Ilipokelewa kwa shangwe, kisha shangwe ikapoa. Kipimo kinachohitajika ni kikubwa mno kikilinganishwa na kile ambacho mwili hujitengenezea, na amri inayotolewa kwa sauti kubwa namna hiyo husikika hata na wasiohusika: mfupa umewahi kuota karibu na neva, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu uvimbe wa koo na kubanwa kwa njia ya hewa kwa wagonjwa waliowekewa protini hiyo shingoni, matumizi ambayo hayakuwa yameidhinishwa.

Swali lililobaki, basi, ni kama kuna tishu inayoweza kubeba mbegu, mvua na udongo kwa pamoja, iwe nyingi, isimkate mgonjwa nyonga, na itoe amri zake kwa kiasi anachotoa mwili wenyewe. Watafiti waliochoka kumfundisha mwili kuota mfupa walianza kumwuliza yeye hufanyaje.

Mfupa wa kuku wa wiki sita

Chukua paja la kuku wa kisasa aliyechinjwa akiwa na wiki tano au sita, na paja la jogoo wa kienyeji aliyezeeka uani. Miisho ya mfupa wa yule mchanga hutafunika, ni myeupe na laini, na watoto huigombania. Miisho ya mfupa wa jogoo huvunja jino. Kilichosalia cha gegedu ni ganda jembamba linalong'aa pale mfupa unapokutana na mwenzake. Je, lile gegedu nene la ujana limekwenda wapi? Limekuwa mfupa.

Hivyo ndivyo tulivyoumbwa sote. Mifupa mirefu ya mikono na miguu ya mtoto tumboni, na pingili zake za mgongo, haianzi kama mfupa. Inaanza kama vielelezo vidogo vya gegedu vyenye umbo kamili la mfupa utakaokuja. Seli zilizo katikati ya kielelezo huvimba mara kadhaa kuliko ukubwa wake wa awali, hulitia gegedu linalozizunguka chokaa, na kutoa kemikali zinazoiita mishipa ya damu. Mishipa ikiingia, gegedu huanza kubomolewa na mfupa hujengwa juu ya mabaki yake. Kazi hiyo huendelea utotoni kote katika bamba la ukuaji lililo karibu na miisho ya mifupa, na bamba hilo likishamalizika kugeuka mfupa mtu huacha kurefuka. Mifupa michache, kama ile ya paa la fuvu, hufuata njia nyingine inayojenga mfupa moja kwa moja bila kupitia gegedu.

Njia hii hairudi kulala baada ya utoto. Mtu mzima akivunjika mkono, damu iliyoganda kati ya vipande hufuatwa baada ya siku kadhaa na uvimbe wa tishu laini, na sehemu kubwa ya uvimbe huo ni gegedu. Ndilo linalovishika vipande wakati bado vinatikisika, na katika wiki zinazofuata linageuka mfupa. Mwungaji mifupa wa kijijini anayefunga mkono kwa vijiti na kupapasa kila wiki mpaka asikie nundu imekuwa ngumu, anapapasa gegedu likigeuka mfupa, iwe analijua jina lake au halijui.

Tena mwili una kawaida ya kuunga pingili wenyewe bila daktari. Zile pingili 5 za sakramu nilizozitaja huwa zimetengana kwa mtoto, zikiwa na gegedu na diski changa kati yake. Kuanzia ujanani zinaungana taratibu, na mtu akifika miaka ya ishirini na kitu huwa zimekuwa mfupa mmoja wa pembetatu. Kila mtu mzima anayesoma makala hii amekalia muungano wa pingili tano ambao haukuhitaji skrubu hata moja.

Sasa fumbo la mwanzo linafunguka. Gegedu la muda ni lile la kielelezo cha mtoto tumboni, la bamba la ukuaji na la nundu ya mfupa uliovunjika. Limeumbwa ili liondoke, na kabla ya kuondoka huita damu. Gegedu la kudumu ni lile la magoti, la viungo vidogo vya mgongo, la pua na la bamba linalofunika pingili kwa mtu mzima. Limeumbwa ili libaki, na ili libaki hutoa kemikali zinazofukuza mishipa ya damu. Daktari anapokwangua nyuso za pingili anaondoa hili la pili, kwa maana ni ukuta unaozuia damu ya mfupa isikifikie pandikizo. Watafiti wanapozungumzia gegedu kama mbadala wa mfupa wanazungumzia lile la kwanza. Kuyachanganya ni sawa na kuchanganya mbao za kumwagia zege na mbao za mlango, ati kwa kuwa zote zimetoka kwenye mti.

Tofauti hii ni ya kivitendo. Katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, wanasayansi walichukua seli za gegedu la pua za wagonjwa 10, wakazikuza ziwe vipande vya gegedu, na wakavipandikiza katika magoti yaliyoumia. Matokeo ya awali yalichapishwa 2016. Pale lengo lilikuwa gegedu lidumu. Katika chuo hicho hicho, mwaka 2010, kundi la watafiti lilikuwa limeonesha jambo la kinyume: seli shina za uboho wa mtu mzima, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zilifundishwa kuwa gegedu la muda, zikapandikizwa chini ya ngozi ya panya, na gegedu hilo likageuka mfupa. Habari mbili za namna hii zikifika mtandaoni zikiwa na neno moja tu, gegedu, msomaji hana lawama akidhani ni habari moja.

Kwa nini gegedu laweza kumshinda mfupa katika kazi ya mfupa

Kipande cha mfupa hai kikiondolewa nyonga na kuwekwa mgongoni kimekatiwa damu. Seli za mfupa hazivumilii kukosa oksijeni, na zile zilizo mbali na mshipa, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, nyingi hufa kabla mishipa mipya haijazifikia. Ndiyo sababu majaribio mengi ya kukuza mfupa maabara na kuupandikiza ukiwa tayari yamekwama: kipande kilichokuwa kizuri kwenye chombo hufia katikati kikiwa ndani ya mwili. Gegedu halina shida hiyo, kwa kuwa limezoea maisha bila mshipa wa damu. Linaweza kusubiri. Na wakati linasubiri, gegedu la muda linatuma wito wa mishipa, kisha linakuwa mfupa pale mishipa inapowasili, si kabla.

Hoja hii ina uzito wa pekee mgongoni. Pingili zinapoungwa kwa nyuma, pandikizo hulazwa kama daraja kutoka bawa la pingili moja hadi bawa la nyingine, na katikati ya daraja ndipo palipo mbali kabisa na mfupa wenye damu. Uchunguzi uliofanywa kwa sungura katika miaka ya 1990 na daktari wa Marekani Scott Boden na wenzake ulionesha kwamba kwenye ncha za daraja mfupa huota moja kwa moja, lakini katikati huchelewa na hupitia kwanza hatua ya gegedu, na ni hapo katikati ambapo muungano hukwama mara nyingi. Kwa maneno mengine, hata daktari asipoweka gegedu, mwili hulitengeneza wenyewe pale kazi inapokuwa ngumu zaidi. Hata mfupa wa Urist ulioota ndani ya msuli ulitanguliwa na gegedu. Kumpelekea mwili gegedu lililo tayari ni kumwanzisha mbele ya hatua ambayo angelazimika kuipitia.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba seli za gegedu zikishavimba hufa zote, na kwamba wajenzi wa mfupa ni seli ngeni zinazoingia pamoja na mishipa ya damu. Kama ingekuwa hivyo, gegedu lingekuwa jukwaa la mafundi tu. Mwaka 2014 tafiti zilizotumia panya waliotiwa alama za kijenetiki, ili kila seli ya gegedu na uzao wake uweze kufuatiliwa, zilionesha kwamba sehemu kubwa ya seli hizo hazifi. Zinabadilika na kuwa zenyewe seli za mfupa. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionesha kwamba gegedu la aina hiyo likiwekwa katika pengo la mfupa wa panya hugeuka mfupa unaoungana na ule wa pembeni. Kiluwiluwi anayeishi majini kwa matamvua hafi ili chura azaliwe. Anapoteza mkia, anaota miguu, anatoka nchi kavu. Seli ya gegedu la muda hufanana naye: huishi pasipo damu kwa tabia moja, na damu ikifika hubadilika kuwa na tabia nyingine.

Yanayosemwa mitaani

Supu ya kongoro ni tamu na sina nia ya kumkataza mtu kuinywa, lakini haipeleki gegedu kwenye goti wala mgongoni. Kolajeni iliyomo humeng'enywa tumboni na kuwa vipande vidogo vya protini kama protini ya maharage, na mwili hauvipangii kazi kwa kuangalia vilikotoka. Vidonge vinavyouzwa kwa jina la kurudisha gegedu havihusiani hata kidogo na tafiti nilizozieleza, na muuzaji anayezitaja ili kuuza chupa yake hajazisoma.

Wengine wanaogopa kwamba kupandikizwa gegedu maana yake ni kupandikizwa kiungo cha mnyama. Seli zinazotumika katika tafiti zinazolenga binadamu ni za binadamu. Hata hivyo swali la asili ya vifaa ni halali kabisa, na mgonjwa anaweza kuliuliza bila haya tangu sasa, kwa kuwa baadhi ya bidhaa zinazotumika leo zina kolajeni ya mnyama. Ile sponji inayobeba protini ya BMP-2, kwa mfano, hutengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe. Mwenye mashaka ya kidini au ya mzio amwulize daktari kabla ya siku ya upasuaji, si baada.

Hofu ya kwamba aliyeungwa pingili hatainama tena imekuzwa. Kuunga pingili mbili za kiuno huondoa mwendo wa kiungo kimoja tu, na nyonga na pingili zilizosalia hufidia sehemu kubwa. Gharama ya kweli ni kwamba pingili jirani hubeba kazi zaidi, na kwa baadhi ya watu huanza kuchakaa mapema. Gharama hiyo haibadiliki kwa aina ya pandikizo: daraja likishakuwa mfupa ni mfupa, liwe lilianza kama mfupa au kama gegedu.

Umbali uliobaki

Ushahidi mwingi wa gegedu kama pandikizo la mfupa umetoka kwa panya na sungura, na mgongo wa panya haubebi gunia la mahindi. Mnyama mdogo huponya mfupa haraka, na daraja analohitaji ni fupi. Mambo mengi yaliyofaulu kwa sungura yamewahi kushindwa kwa mtu. Mgonjwa anayeahidiwa leo pandikizo la gegedu nje ya utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili ana sababu ya kusimama na kuuliza.

Kuna tatizo la udhibiti pia. Gegedu likikuzwa maabara bila uangalifu laweza kubaki gegedu, na matokeo yake yakawa ndiyo yale yale daktari aliyokuwa akiyakwangua: pingili mbili zenye kitu laini katikati, na chuma kinachochoka polepole. Likizidi kuchangamka laweza kuota mfupa upande wa neva, kosa ambalo BMP-2 imeshatufundisha kuliogopa. Kati ya hali hizo mbili kuna dirisha ambalo gegedu limeiva vya kutosha kuita damu lakini halijaanza kufa, na kila maabara inalitafuta dirisha hilo kwa mapishi yake.

Halafu kuna suala la muda na fedha, ambalo kwa hospitali zetu lina uzito kuliko mengine yote. Kuchukua seli za mgonjwa, kuzikuza ziongezeke na kuzifundisha kuwa gegedu ni kazi ya wiki kadhaa katika maabara safi mno. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda na kufikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili akiwa na pingili iliyovunjika hawezi kusubiri wiki hizo, wala mama ambaye kifua kikuu kimemfikisha hatua ya miguu kufa ganzi. Kwa hao pandikizo ni lile lile la siku zote: vipande vya mfupa wa mgongo wao wenyewe, vilivyochongolewa kutoa nafasi kwa neva, vikahifadhiwa pembeni mwa meza katika bakuli la maji ya chumvi na kurudishwa kabla ya kidonda kufungwa.

Ndiyo maana mimi nafuatilia kwa hamu zaidi tawi moja la utafiti huu lisilosifiwa sana. Kundi la Basel lilionesha mwaka 2014 kwamba seli zilizomo katika gegedu lililokuzwa maabara zinaweza kuuawa kwa utaratibu maalumu, na gegedu lililobaki, japo halina seli hai, bado likaweza kuuamuru mwili wa panya uote mfupa. Pandikizo la namna hiyo lingeweza kutengenezwa mapema kwa wingi, likahifadhiwa kabatini, na likatolewa usiku wa ajali bila kumsubiri mtu wala kumkata nyonga. Kilichopotea ni mbegu. Kilichobaki ni mvua na udongo, vikiwa katika vipimo ambavyo gegedu lilijipimia lenyewe. Iwapo hivyo viwili vinatosha kuvusha daraja refu la mgongo wa mtu mzima, mvutaji sigara, mwenye kisukari na pingili tatu za kuunganisha, ni swali ambalo panya hawezi kulijibu.